Maua ya Nungu Kando ya Ghala

Tororo, 20 Februari 1965

Mama mkwe wangu Alaso,

Shikamoo. Ni mimi Zubairi, mume wa binti yako Amoit, dereva wa lori. Najua hujazoea kupata barua yangu, na mimi mwenyewe sikudhani kama siku moja nitakaa kitako kukuandikia. Lakini nifanyeje? Jumapili nilikuja kwako Buteba, na ulipoiona kofia yangu tu ukaingia kwenye mihogo. Nikaona mgongo na kitambaa cha kijani, basi. Nilikaa kwenye kigoda mpaka jua likanichosha, na walionikaribisha ni kuku. Amoit aliwahi kuniambia kwamba kwenu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Nilijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kukimbiwa ni kitu kingine.

Neno langu ni moja. Nilirudi kutoka Kisumu siku chache baada ya Idd, nikakuta nyumba imefungwa, ufunguo uko kwa jirani, na Amoit hayupo. Hatukugombana. Hakuniachia neno. Baba yake, marehemu Edeku, angekuwapo ningekwenda kwake tukaongea kiume. Nilimkuta shemeji yako Etyang pale Busia, akaniambia mambo ya wanawake yeye hayajui, akaendelea na pombe yake. Sasa nimebaki na wewe, na wewe unanikimbia.

Namtaka mke wangu. Kama nimekosa niambiwe kosa langu.

Barua hii naiacha dukani kwa Wahabi, Busia, utaipata siku ya soko. Nimeweka pamoja nayo kifurushi kidogo cha Amoit. Akikiona atakijua mwenyewe.

Mkweo,
Zubairi


Buteba, 6 Machi 1965

Zubairi mkwe wangu,

Salamu. Barua nimepata. Kiswahili yangu ni ya soko, ya kuuzia karanga, usinicheke. Kuandika nilifundishwa na masista, na mkono wangu bado inajua.

Lakini Zubairi, mimi nimekufanya nini? Nilifungua kile kifurushi yako pale pale kwa Wahabi, mbele ya watu. Kitambaa ni ya kichwa ya mtoto wangu, naijua, mimi ndiye nilinunua. Ndani iko mizizi nyeusi na udongo. Wanawake wote wakarudi nyuma. Mtu anafunga mizizi kwa kitambaa ya mtu kwa sababu gani? Huku kwetu hatuulizi mara mbili. Nilibeba kwa ncha ya fimbo mpaka nyumbani. Bartholomew katekista akaja akaomba, akamwaga maji ya baraka, na mimi nikatundika ile kitu kwa paa ya ghala. Hata sasa iko pale. Amoit sijamwonyesha.

Kama umekasirika, kasirika kwa mdomo. Usitume dawa.

Unauliza kosa yako. Mimi sijasema uko na kosa. Amoit ni mzima, anakula, analala. Zaidi ya hapo iko maneno ambayo mama hawezi kumwambia mkwe wake, hata kwa karatasi. Hasa kwa karatasi. Barua yako ilifika kwangu imefunguliwa, na Wahabi alijua habari ya kofia kabla mimi sijasoma.

Na sikukimbia. Niliheshimu.

Ni mimi,
Alaso


Tororo, 15 Machi 1965

Mama mkwe,

Astaghafirullah! Dawa? Mimi? Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikatafuta pa kukaa. Mama, ile si dawa wala si kitu cha kumdhuru mtu. Ni maua.

Unamkumbuka yule mama wa Kizungu aliyekaa kule juu karibu na mlima, ambaye Amoit alimfanyia kazi ya kufua kabla hatujaoana? Alipofunga mizigo kurudi kwao alimpa Amoit miche kwenye kopo. Amoit akaipanda nyuma ya nyumba yetu, na tangu hapo maua hayo amekuwa akiyatunza kama watu wanavyotunza ndama. Hayana jina la kwetu, sisi tunayaita maua ya nungu, maana katikati yana kichwa cha miiba miiba, rangi ya kahawia, na pembeni majani ya rangi ya waridi yanayoning'inia. Nilidhani Amoit akiiona mizizi yake atakumbuka nyumbani. Kitambaa nilichukua kwa sababu kilikuwa kimebaki kwenye msumari na sikuwa na gunia. Hilo ndilo kosa langu, nimelikubali.

Tafadhali ishushe kabla haijakauka. Nitakueleza kama Amoit alivyonifundisha. Shina moja ukilichimba mvua inapoanza, utaona limejaa macho, kama la viazi. Unaligawa kwa kisu au kwa mikono, kila kipande kiwe na jicho lake na mizizi yake. Usikizike chini sana, jicho lichungulie juu ya udongo. Usitie samadi mbichi, itakiunguza. Maji asubuhi. Kisha uache. Kitanuna kwanza, kitakaa kama kimekufa, usikichimbue kukiangalia. Yanaweza kupandwa kwa mbegu pia, lakini ya mbegu hayatoi ua mpaka mwaka wa pili. Yule mama alikuwa akiweka mbegu kwenye friji kabla ya kupanda, sijui kwa nini, labda kuzidanganya kwamba ziko kwao.

Sasa mama, nimekueleza yote ya kwangu. Na wewe nieleze. Anarudi au harudi?

Mkweo,
Zubairi


Buteba, 4 Aprili 1965

Mkwe wangu,

Nimeshusha. Nilimwonyesha Amoit. Alicheka, akalia, halafu akaomba muhogo ya kuchoma. Nikamwambia mume wako anasema hii ni maua. Akasema ndiyo mama, ni maua yangu. Akanusa mizizi kama mtu ananusa mkate. Basi mimi nikaona aibu, na Bartholomew alishakula kuku wangu wa maombi.

Tumegawa kama ulisema. Kila kipande na jicho. Amoit hainami, mimi ndiye nilipanda, yeye anakaa kwa mkeka anaonyesha na kidole. Tumepanda kando ya ghala. Mbuzi wamekula mbili, zingine ziko. Lakini maua iko wapi? Naona majani tu, mapana, na manyoya yake kama ulimi ya ng'ombe. Nilitaka kupika, Amoit akakataa.

Sasa nauliza. Ikikua inafika urefu gani? Inaweza kuficha mtungi? Mtungi kubwa, ile ya maji, imekaa chini. Na ikipandwa karibu karibu, mtu aliye upande huu anaona upande ule?

Kwa Wahabi nimeacha kamba. Chukua. Utaelewa.

Alaso


Tororo, 25 Aprili 1965

Mama mkwe,

Kamba nimeipata. Nimeiweka mezani nikaitazama siku mbili. Ni kamba ya katani, nzuri, umeisokota mwenyewe naona, imefungwa fundo huku na fundo huku. Barua yako inasema nitaelewa. Mama, sikuelewa kitu.

Nikamwita shangazi yangu Habibah, yule aliyenilea, mnajuana. Habibah akaiangalia akasema hili halihitaji mwalimu. Kamba kutoka kwa wakwe ni ng'ombe. Ama wanataka ng'ombe mwingine juu ya wale wa mahari, ama wanakuambia njoo uwafungue wale uliotoa uende zako. Nikamuuliza ni lipi kati ya hayo mawili? Akasema hapo sasa ndipo pa kutumia akili. Sikulala vizuri. La pili sikulitaka hata kulifikiri, basi nikashika la kwanza.

Nimenunua mtamba mwekundu pale Nabuyoga, hana kasoro. Nimemfunga kwa kamba ile ile ili ujue nimekusikia. Atafika na mchungaji wiki hii. Kama ndiye aliyekuwa kikwazo, basi kikwazo kimeondoka, mruhusu Amoit arudi.

Kuhusu maua, yanafika kiunoni mwa mtu aliyesimama. Mtungi yataficha, ukiyapanda karibu, shibiri moja kati ya shina na shina. Lakini mama, kwa nini unataka kuficha mtungi? Naomba usinichukie kwa swali hili. Serikali siku hizi imekuwa kali kwa watu wanaopika enguli, ile pombe kali ya kienyeji. Kama ni hivyo mimi sitasema kwa mtu, ingawa dini yangu hairuhusu. Ila mitungi ya moto itaunguza mizizi.

Mkweo,
Zubairi


Buteba, 9 Mei 1965

Zubairi,

Ng'ombe huyu ni wa nini?

Nimeamka nikamkuta amefungwa kwa mti, na kamba yangu kwa shingo yake. Mchungaji wako alishakwenda. Kabla sijajua nifanye nini, kamba ikakatika, na ng'ombe wako akaenda moja kwa moja kando ya ghala akakula maua yote. Yote, Zubairi. Yale yaliyobaki akasimama juu yake. Amoit alilia mpaka nikaogopa.

Halafu Etyang akatokea. Harufu ya ng'ombe inamfikia mbali. Anasema mkwe ameongeza mahari kwa hiari yake, ni mkwe mwema, na ng'ombe alale kwake. Nimekataa. Sasa anapita kila jioni kumsalimia.

Mimi enguli sipiki! Mume wangu Edeku alikuwa mzee wa kanisa. Hiyo neno nimeisoma nikakunja barua nikaweka chini ya godoro, nisikuandikie vibaya.

Kamba ni kipimo. Kutoka mti ya ghala mpaka ukuta ya jiko. Nilitaka ujue maua ngapi itajaza urefu huo, ulete zingine kama uko nazo. Hiyo tu. Huyo shangazi yako akili yake ni ya soko ya ng'ombe.

Kama uko na mizizi zingine, tuma. Mvua bado iko. Ukituma mapema zitawahi.

Alaso


Tororo, 2 Juni 1965

Mama mkwe,

Nimechimba yote.

Bustani ya Amoit nyuma ya nyumba imebaki mashimo. Nilifanya kazi tangu alasiri, nikigawa kila shina kama alivyonifundisha, jicho na mizizi yake, na nimeyapanga kwenye sanduku la chai na udongo mbichi. Lori la mwenzangu litayashusha Busia kesho. Nimeyapima kwa hatua zangu, yatajaza urefu wa kamba yako na machache yatabaki. Weka miiba mbele yake, na yule ng'ombe mpe Etyang tupumzike.

Lakini mama, nimechimba huku nikijiuliza nafanya nini. Mtu ametoka nyumbani kwake mwezi wa pili, leo ni mwezi wa sita, na mumewe anaulizwa urefu wa maua. Ndugu zangu hapa mjini wananicheka. Habibah ameshanitafutia msichana, Madina, binti wa watu wa pale Busia upande wa Kenya, mtu mwenye adabu. Anasema mwanamke aliyekaa kwao muda huu amejitaliki mwenyewe, kilichobaki ni mimi kuandika.

Sitaki kuandika. Nasema wazi, mimi nampenda Amoit, nalala upande mmoja wa kitanda kana kwamba yupo. Tulipoteza watoto wawili kabla hawajafika, na mara zote mbili nililia kuliko yeye. Labda hilo ndilo lililomchosha, kuwa na mume anayelia. Au ni dini? Au amempata mtu? Kila nikishika moja linaniponyoka. Nimechanganyikiwa mama, kichwa changu kimekuwa kama gunia la panya.

Mwambie aniandikie mstari mmoja tu. Hata kama ni wa kunikataa.

Zubairi


Tororo, 11 Julai 1965

Kwa Mama Amoit,

Asalaam aleikum. Mimi ni Habibah, shangazi wa Zubairi. Nitasema kifupi maana mwandishi wangu ana haraka, na mimi sina tabia ya kuzungukazunguka.

Mtoto wetu amekonda. Chakula nampelekea nakirudisha kilivyo. Amechimba ua mzima kwa ajili yenu, tukitoka nje tunaanguka kwenye mashimo. Mke ni mke akiwa ndani, akiwa nje ni jina. Mimi Amoit nilimpokea vizuri, alipokuwa na mimba zile mbili mimi ndiye niliyefurahi mbele ya watu wote, nikawatangazia wanawake mtaa mzima mpaka wale wa msikitini, nikapika pilau. Hakuna ubaya niliomtendea.

Basi semeni. Kama harudi semeni harudi. Madina hawezi kungoja maua.

Habibah


Buteba, 15 Agosti 1965

Zubairi mkwe wangu,

Barua ya shangazi yako nimesoma. Yeye simjibu. Nakujibu wewe.

Usiandike hiyo kitu. Nakuomba. Mimi sijawahi kumwomba mwanaume kitu tangu Edeku alikufa. Namjua mtoto wangu, na nasema hajapata mtu, hajachukia dini yako, na hajachoka machozi yako. Niulize kingine chochote nitajibu. Hiyo moja ngoja. Bado kidogo.

Maua imesimama. Kweli ilinuna kama ulisema, nikafikiri imekufa, na kila siku nilitaka kuchimbua niangalie. Amoit akanizuia. Sasa imefika hapa kwa nyonga yangu, na vichwa imetoka. Ni vizuri, Zubairi. Watu wanapita njiani wanasimama. Mke wa Bartholomew anauliza ni ya ugonjwa gani.

Lakini nafikiri nimeharibu. Majani yale ya waridi haisimami. Ilifunguka juzi, leo yote inaangalia chini kama mtoto amepigwa. Nimemwaga maji, bado inaangalia chini. Nikate? Au ni yule ng'ombe aliacha kitu kwa udongo? Niambie haraka, sababu nataka isimame vizuri kabla ya mwezi ya tisa kuisha. Na pale katikati iko nafasi, jua inapita, mtu akikaa anaonekana. Nifanyeje?

Alaso


Tororo, 5 Septemba 1965

Mama mkwe,

Usikate. Hayaumwi, ndivyo yalivyo. Ua la nungu likikomaa hushusha majani yake chini na kuinua kichwa. Amoit anajua, nashangaa hakukuambia, labda siku hizi haongei. Kwenye nafasi hamisha shina la mwisho, lile la kando, ulitoe na udongo wake jioni na umwagie maji.

Sasa nisikilize na mimi. Unaniomba ningoje na huniambii nangoja nini. Unauliza kama mtu akikaa anaonekana. Nani anakaa? Anaonekana na nani? Nimeisoma barua hiyo mpaka imechakaa kwenye mikunjo, na bado ni giza. Mimi si mtu wa hasira, wananijua barabara yote mpaka Kisumu, lakini mtu akichezewa muda mrefu hata uso wake hubadilika.

Nimeiandika, mama. Talaka. Bado sahihi tu. Nitakuja Jumapili tarehe 26, nayo itakuwa mfukoni. Nikipata jibu la maana nitaichana. Nikikuta kuku na kigoda kama siku ile, nitatia sahihi pale pale nimpe Etyang, na maua yatabaki yenu.

Zubairi


Buteba, 14 Septemba 1965

Zubairi,

Njoo hiyo Jumapili. Ni siku nzuri, kitovu itakuwa imekauka.

Hiyo neno imetoka, mkono wangu imeandika yenyewe na sina karatasi nyingine. Soma kama hukuiona.

Sasa sikia vizuri. Huku kwetu siwezi kukuangalia usoni na wewe huwezi kuniangalia. Lakini kuongea iko njia. Mama zetu waliongea na wakwe wao kwa nyuma ya ukuta, au ngozi imetundikwa. Mimi nyumba yangu ni ndogo, ukuta iko na mashimo, na ngozi mbele ya mkwe wa mjini niliona aibu. Wewe ukatuma maua. Nikasema basi, Mungu ameleta ukuta. Ndiyo maana kamba. Ndiyo maana mtungi. Mtungi ni mimi, Zubairi, nikikaa chini.

Utakuja kwa njia ya mbele. Upande wa barabara utakuta mkeka. Kaa. Mimi nitakuwa upande wa pili. Tutaongea kwa mdomo, na Wahabi hatasoma. Lile neno ambalo haliandikwi nitakuambia. Wewe kaa tu, usisimame. Watu wa Kiswahili wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hata ukisikia nini, usisimame.

Alaso


Tororo, 30 Septemba 1965

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nataka kuyaweka yale yaliyotokea, maana bado siamini kama nilikuwa mimi. Lile neno la kitovu nilidhani ni la mbuzi wako. Nilikuja na nguo nyeupe kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Nikauona mkeka, nikakaa. Mbele yangu maua, kutoka ghala mpaka jikoni, yamesongamana, nyuki wamejaa. Sikuona kitu kingine. Nikafikiri, Zubairi, umefika mahali pa kuzungumza na maua. Kisha ukakohoa. Sauti yako ni nzito mama, sikuitarajia. Miaka yote hii sikuwahi kuisikia.

Uliniambia Amoit aliondoka kwa sababu alikuwa na mimba ya tatu, na zile mbili za kwanza zilitangazwa mtaa mzima kabla hazijashika, na zote mbili zikatoka. Kwamba safari hii aliapa mtu yeyote wa nyumba yetu asijue. Nikauliza hata mimi? Nakumbuka ulivyonijibu, na nitalikumbuka jibu hilo mpaka kaburini.

"Ukijua wewe, mkwe wangu, Habibah anajua kabla ya magharibi."

Ni kweli. Mara zote mbili ni mimi niliyemwambia Habibah, kwa furaha tu, nikiwa hata sijavua viatu. Nilijiona mdogo pale kwenye mkeka. Nilitaka kukuomba msamaha, nilikuwa natafuta maneno, wallahi nilikuwa nayatafuta, ndipo upande wako mtoto akalia.

Mama, nilisimama. Uliniambia nisisimame hata nikisikia nini, ukaniandikia mara mbili, na mimi nikasimama kama mtu aliyeumwa na siafu. Sina la kujitetea. Ulijifunika kanga ukageuka, nasikitika sana kwa hilo. Lakini kama itakupunguzia aibu, naapa sikukuona. Nilitazama pale mapajani pako tu, kile kichwa kidogo chenye nywele zilizosimama kama ua lenyewe. Ukinipita kesho sokoni sitakujua.

Halafu Amoit akatoka jikoni, na hayo mengine ni yetu.

Nitakuja kuwachukua akipata nguvu. Nimerudi Tororo tangu jana asubuhi na sijamwambia Habibah hata neno. Ni kazi ngumu kuliko kuchimba bustani. Ananiuliza kwa nini natabasamu, namwambia jino linauma.

Kitu kimoja kinanisumbua. Ile karatasi haimo mfukoni. Nimepekua nguo zote na lori lote.

Mkweo,
Zubairi


Buteba, 10 Oktoba 1965

Zubairi mkwe wangu,

Ulisimama. Nimehesabia hilo, na wazee wamesikia, sababu nimewaambia mwenyewe. Desturi iko wazi. Utaleta mbuzi ya kunirudishia heshima, mbuzi dume, mnene, si kama yule ng'ombe. Mpaka ulete sitatoka nje ukiwa hapa, na mtoto wako atalelewa na mama mkwe aliyejifungia ndani.

Unasema hukuniona. Mimi nilikuona. Kanga yangu ni ya zamani, inapitisha mwanga. Niliona uso wako ulipomwangalia. Nikasema moyoni, huyu anaweza kusimama.

Mvua imeanza tena. Amoit sasa anainama. Tumechimba mashina ya mwisho wa mstari tukagawa, nusu ni ya mashimo yako Tororo, nusu inabaki. Ukuta yangu siwezi kuivunja, iko siku utakuwa na kosa lingine. Mtoto ni msichana mzito, analia vizuri. Jina bado, anakungoja wewe. Mwambie shangazi yako sasa, kabla jino haijamuua mtu.

Karatasi uliangusha pale ulisimama, kwa maua. Niliokota. Nilisoma, kwa sababu masista walinifundisha kusoma. Amoit hajaiona na hataiona. Nilikaa nayo siku kadhaa nikiwa na uchungu, halafu vichwa vya maua vikakauka, vikawa vyeusi, na sikuwa na karatasi nyingine ndani ya nyumba ila hii ya barua.

Basi naituma kwako, imekunjwa, nimeifunga na uzi ya kamba ile. Ndani iko mbegu. Zimwage kwa mkono wako na karatasi uchome wewe mwenyewe. Ulisema ya mbegu haitoi ua mpaka mwaka wa pili. Sawa. Mtakuwa wawili mnangoja, na mtoto atakuwa anatembea.

Mbuzi usisahau.

Mama yako,
Alaso